Kazi ya Kivuli

Jumatatu, 3 Agosti

Hatari! Chumba changu kinawindwa.

Asubuhi Mkurugenzi alituita sote uwanjani. Akatangaza kwamba Idara yetu ya Ulinzi wa Kiongozi inasherehekea kuzaliwa kwake, na Mheshimiwa mwenyewe atakuja Jumamosi alasiri. Makofi. Akaongeza kwamba Mheshimiwa atapita kwenye chumba cha historia, ambacho mtunzaji wake ni mimi, na akikiona hakina maana, kitageuzwa kuwa chumba cha vyuma vya mazoezi. Makofi makubwa zaidi! Aliyepiga kuliko wote ni Shingo.

Shingo ni mkufunzi wa walinzi. Anaitwa Shingo kwa sababu hana. Kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja, kama sufuria juu ya jiko. Chumba changu amekitolea macho tangu alipogundua kwamba kina feni.

Nikauliza, na mimi je? Mkurugenzi akasema nitakwenda getini, kazi ya kioo. Yaani kusukuma kioo chenye mpini mrefu chini ya kila gari linaloingia, kutazama kama kuna bomu. Kazi muhimu, sikatai. Lakini anayeifanya haoni sura ya mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Anaona ekzosi.

Haiwezekani! Mama mkwe wangu amekuja kututembelea, na dalili za kuondoka hana. Anaamini mimi ndiye ninayetembea nyuma ya Mheshimiwa nikiwa na miwani myeusi. Sikumdanganya. Siku ya posa nilisema nafanya kazi ulinzi wa kiongozi, yeye akamalizia mwenyewe. Toka hapo kila taarifa ya habari anasogeza kiti kwenye televisheni kunitafuta. Mke wangu hunitazama kwa pembe ya jicho, kisha anaendelea kukunja nguo.

Nikipelekwa getini, nyumbani hatanivumilia mtu. Ni lazima chumba kibaki. Tena si kibaki tu, kinipandishe.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeshinda chumbani nikitafuta kitu cha kumshangaza Mheshimiwa. Kuna usukani wa gari la kwanza la Idara. Kuna kijiko cha mwonjaji, aliyekuwa akila chakula cha Mheshimiwa wa Kwanza kabla yake. Kuna buti moja la kushoto ambalo hakuna anayejua lilifikaje. Halafu kuna picha.

Picha hiyo nimeifuta vumbi miaka yote bila kuitazama. Leo nimeitazama. Mheshimiwa wa Kwanza amesimama na watu watatu, na chini yao mtu ameandika kwa wino: Dereva, Mwonjaji, Kivuli. Basi! Hiyo ndiyo ilikuwa Idara nzima. Siku hizi tumejaa kama siafu. Wapo wanaokagua viti, wanaopekua maua, wanaojua hospitali ya karibu na aina ya damu ya Mheshimiwa. Wapo wanaokariri milango ya kutokea. Yupo bwana mmoja ambaye kazi yake ni kukaa na funguo za gari la akiba, na anaringa nazo.

Dereva najua maana yake. Mwonjaji najua. Kivuli ni nani?

Ni mtu mwembamba, suti imempwaya. Hamtazami mpiga picha, wala Mheshimiwa. Anatazama juu. Jambo hili limenikaa kichwani mpaka nikasahau kwenda kula.

Nikauliza ofisi zote. Hakuna ajuaye! Idara inayojua mjomba wa kila mhudumu wa kila hoteli haijui mmoja wa waasisi wake alikuwa akifanya nini. Shingo alikuja kupima ukuta kwa hatua zake, akaitazama picha, akasema mbona jambo liko wazi. Kivuli ni yule anayemganda kiongozi, akienda anakwenda, akisimama anasimama. Anatazama juu kwa sababu anachunguza mapaa kama kuna mwenye bunduki. Akaniambia, "Hiyo ni kazi ya wanaume, Profesa." Profesa ni jina walilonibandika kwa sababu navaa miwani ya kusomea.

Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nimeshapata wazo. Kazi ya Kivuli ilikufa, na hakuna aliyeirithi. Mheshimiwa akiisikia Jumamosi, ataitaka. Na nani ataipata kama si mtaalamu pekee wa jambo hili nchini?

Jumatano, 5 Agosti

Nimeanza mazoezi. Sikufanikiwa sana.

Kwanza nilijaribu uonjaji, kupata ladha ya zamani. Nilichukua kijiko cha historia nikaingia ofisini kwa Mkurugenzi chai yake ilipoletwa, nikamweleza kwamba Jumamosi tutafanya maonyesho na kwamba ningependa kuhakikisha usalama wake. Nikaonja. Ilikuwa na sukari ya kutosha. Nikaonja tena kuhakikisha chini nako. Kumbe nilikuwa nimejisahau, kikombe kikabaki na majani. Mkurugenzi akauliza kama nimekufa. Nikasema bado. Akasema basi nitoke.

Baadaye nikafanya zoezi la kivuli. Mkurugenzi alipotoka ofisini nikamfuata hatua moja nyuma. Akikata kulia, nami kulia. Akisimama kusoma ubao wa matangazo, nami nasimama, natazama dari kwa ukali. Siri yake nimeigundua: lazima uende kwa mguu uleule anaokwenda nao, la sivyo unamkanyaga. Nilimkanyaga mara chache tu. Mambo yaliharibika alipoingia msalani. Kivuli wa kweli asingesita, kwa hiyo sikusita.

Amenitolea uvivu mbele za watu. Amesema nikimsogelea tena kabla ya Jumamosi, nitaanza kazi ya kioo hata gari likiwa la kubeba taka. Shingo alikuwa kwenye korido, anajifuta machozi ya kicheko.

Nyumbani mama mkwe aliuliza mbona leo katika habari Mheshimiwa alikuwa akifungua daraja na mimi sikuonekana. Nikamwambia mlinzi mzuri haonekani. Akasema, "Haya baba, lakini siku moja ujitokeze hata bega." Mke wangu akainuka, akaenda kuepua maji yaliyokuwa hayajawekwa jikoni.

Alhamisi, 6 Agosti

Nina hasira. Tena na historia nzima!

Tarishi wetu mzee aliniambia kwamba mjane wa Kivuli yu hai, na kwamba yeye ndiye humpelekea kadi ya salamu kila mwaka. Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nyumba ndogo, safi, ina kibaraza upande mmoja tu. Bibi ana uziwi kidogo wa sikio moja, lakini jicho lake linakata. Mlangoni nilimkabidhi kadi ya mwaliko wa Jumamosi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Laiti ningengoja! Laiti ningemsikiliza kwanza!

Nikamsabahi, nikamsifu marehemu kwa ushujaa. Nikamwomba anisimulie jinsi alivyokuwa akichunguza mapaa. Bibi akaniuliza mapaa gani. Nikamwonyesha picha. Akaishika, akaisogeza machoni, akatabasamu vile ambavyo mtu hutabasamu akikuta shati la mumewe kabatini. Akasema, "Anatafuta jua, mjukuu wangu. Siku zote alikuwa anatafuta jua liko wapi."

Naandika kama alivyonieleza. Mheshimiwa wa Kwanza alikuwa haliwezi jua. Katika mkutano wake mkubwa wa kwanza alihutubia bila kofia, akaanguka kama gunia. Aliyekuwa karibu akapiga kelele kwamba kiongozi kapigwa risasi. Watu wakakimbia, wakakanyagana, mama mmoja akapoteza mtoto wake mpaka jioni, jiko likapinduliwa na nusu ya soko ikaungua. Mheshimiwa alipozinduka akaambiwa kwamba ameuawa. Wiki ileile Idara ikaundwa. Kitabu chetu cha mafunzo kinasema iliundwa kutokana na tishio kubwa. Tishio lenyewe lilikuwa jua!

Mume wa Bibi alikuwa fundi wa mahema. Kazi aliyopewa ni kutangulia kila mahali siku moja kabla, asimame palepale patakapowekwa kiti, saa ileile ya hotuba, aone kivuli kinaangukia wapi. Ndipo aseme kiti kikae hapa, gari lisimame kule, hema lielekee huku. Kwa kuwa alikuwa ametangulia, wakaanza kumwambia atazame na mlango, na daraja, na mbwa wa jirani. Basi wale wote wanaotangulia kukagua siku hizi, wenye vifaa na redio masikioni, asili yao ni huyo. Alitafuta kivuli, akaitwa Kivuli.

Nikamuuliza kama walau alikuwa akitembea nyuma ya Mheshimiwa. Bibi akasema hapana, walionana kwa nadra sana. Mheshimiwa akifika, yeye yuko njiani kwenda mji wa pili. Picha hiyo ilipigwa kwa bahati, gari liliharibika.

Nikaaga, nikashuka kibarazani. Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna asomaye: kwa muda kidogo nilimpenda sana yule bwana. Nilimwona peke yake uwanjani, mkono juu ya macho, anapima kivuli cha mtu ambaye hajafika. Halafu nikakumbuka ekzosi.

Mheshimiwa hawezi kuambiwa kwamba tuliumbwa na jua. Kivuli atabaki kuwa yule wa Shingo, wa mapaa na bunduki. Bibi nitamketisha nyuma kabisa, upande wa sikio bovu.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya ushindi.

Hema la wageni lilikuwa lisimamishwe mbele ya jukwaa la Shingo, ambako vijana wake watabeba vyuma na kuangushana mbele ya Mheshimiwa. Chumba changu kingebaki kule nyuma, mtu apite akienda kunawa mikono. Nikawaendea mafundi wa hema asubuhi mapema, kabla Shingo hajamaliza kukimbia. Nikawaambia maagizo yamebadilika. Sikusema maagizo ya nani. Wakalihamisha hadi mlangoni pangu, likaelekea lango la magharibi. Kivuli kilikuwa kizito, cha baridi, kimetulia juu ya kiti cha Mheshimiwa kama kimefumwa kwa ajili yake. Mimi mwenyewe nilikaa nikakijaribu. Raha tupu!

Shingo alirudi, akaona jukwaa lake liko peke yake juani. Akaja kwa Mkurugenzi anafoka. Mkurugenzi akatoka, akatazama, akasema kwa kweli hapa panapendeza, pana kivuli. Shingo akanywea! Vijana wake wameanza kuhamisha magodoro.

Bango la Kivuli nimelipaka rangi mwenyewe. Linasema: "Alikuwa hatua moja nyuma ya kiongozi, tayari kufa." Nimeazima suti ya shemeji. Inanipwaya kama ya kwenye picha. Kesho Mheshimiwa akiinuka tu, nitakuwa nyuma yake, mguu kwa mguu. Mama mkwe ameambiwa awashe televisheni mapema.

Jumamosi, 8 Agosti

Mkono wa kulia hauinuki. Naandika kwa wa kushoto.

Mheshimiwa aliwasili alasiri. Akaketi. Na jua likaketi naye! Lilikuwa limezunguka lote upande wa magharibi, likaingia chini ya hema kupitia langoni, likampiga usoni. Nani angejua? Jana halikuwa huko! Mkurugenzi anasoma hotuba, Mheshimiwa anafumba jicho moja, kisha la pili. Kitambaa kikatoka. Kitambaa kikalowa. Walinzi wote, na miwani yao myeusi, wanatazama madirisha, wageni, mapaa. Wao hawakuona mwanga wowote.

Mwishowe Mheshimiwa aliinuka, nadhani asogee. Mimi nikaona ndiyo saa yangu. Nikatoka nyuma ya bango, nikajiweka hatua moja nyuma, mguu wa kulia na wa kulia. Mheshimiwa akayumba kidogo kwa joto. Kivuli lazima afanye afanyavyo kiongozi, nikayumba. Mguu wangu ukaingia kwenye suruali ya shemeji. Nikanyoosha mikono yote miwili kuelekea mgongo wa Mheshimiwa.

Kilichofuata ni Shingo. Alikuja kutoka juu. Sijui alirukia wapi, mtu wa ukubwa ule. Nikasikia kelele kwamba Mheshimiwa kashambuliwa, viti vinaanguka, wageni wanakimbilia langoni, redio zote zinalia. Mchanga ulijaa mdomoni. Nilidhani nimekufa, na kilichoniuma ni kwamba hata kufa nitafia chini ya Shingo.

Halafu sauti ya kizee ikapasua zogo lote. "Nyamazeni! Hakuna aliyepigwa! Anaungua na jua, hamna macho?"

Ni Bibi. Alikuwa ametoka mstari wa nyuma kabisa, ameinua mtandio wake kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Mheshimiwa. Hakuna mlinzi aliyemzuia. Akawageukia, walinzi wote wale na Mkurugenzi wao, akawaambia wamejazana hapa kama nini, wamekagua mpaka maua, na hakuna hata mmoja aliyetazama jua. Akasema mume wake angelia. Kisha yeye mwenyewe akalia.

Mimi nilikuwa bado chini ya Shingo. Mheshimiwa akamshika Bibi mkono, akamuuliza mume wake alikuwa nani. Wakaingia wote wawili chumbani mwangu, mwenye feni, wakakaa humo mpaka hotuba zote zikafutwa. Watu walisikia Mheshimiwa akicheka, kisha kimya, kisha akicheka tena. Kuhusu bango langu sijui walisema nini. Nililikuta limegeuzwa ukutani.

Jumapili, 9 Agosti

Nimelala siku nzima. Picha zangu zimeonyeshwa katika kila taarifa ya habari. Yaani picha za Shingo, na chini yake mguu wangu.

Mama mkwe aliingia na maji ya moto ya kunikanda. Nikajiandaa kwa maswali. Akasema, "Nimekuona mwanangu. Mimi nakuona, hata wakikuficha." Akasema ameutambua mguu, kwa ile soksi. Ameshawapigia ndugu zake simu kuwaambia kwamba mkwewe alijitupa chini ili Mheshimiwa asiguse ardhi. Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo kabisa. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akasema niache tu, mama ana presha.

Jumatatu, 10 Agosti

Mkurugenzi aliniita. Nilikwenda nimeshafungasha kalamu zangu.

Alikuwa na barua ya Mheshimiwa. Chumba kinabaki! Bibi atakuwa akija kila wiki kuwasimulia walinzi wapya Idara ilianzaje, na atawekewa kiti chini ya feni. Kitabu cha mafunzo kitaandikwa upya, na sababu ya kuundwa kwetu itatajwa kwa jina lake: jua. Nikasema hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapigania. Mkurugenzi akafunua ukurasa wa pili.

Akaendelea. Mheshimiwa ameagiza kazi ya Kivuli irudishwe. Moyo ukanilipuka! Mheshimiwa ameuliza yule bwana wa suti kubwa anaitwa nani, maana ameonekana kuipenda sana kazi hii, basi apewe yeye. Shingo alikuwepo. Nilimtazama kwa huruma ya mshindi.

Nikauliza naanza kutembea nyuma ya Mheshimiwa lini. Mkurugenzi akasema sitembei nyuma. Natangulia, siku moja kabla. Nikifika mimi Mheshimiwa hayupo, akifika Mheshimiwa mimi nimeshaondoka. Kifaa nitakachopewa ni kofia.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe kwamba nimepandishwa, sasa natembea mbele ya Mheshimiwa. Ni kweli tupu. Akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Alhamisi, 20 Agosti

Safari yangu ya kwanza. Niko peke yangu katika uwanja wa mpira wa mji mdogo, nimekalia ndoo. Kesho Mheshimiwa atahutubia hapa. Ng'ombe wawili wananitazama.

Jana Bibi alinifundisha kazi kwa saa nzima. Mengi nilikuwa nayajua. Alisisitiza nisimame mahali pa kiti saa ileile ya hotuba, dakika kwa dakika, nisitoke. Wazee wana maneno mengi. Hotuba ni saa tatu asubuhi, na basi limenifikisha hapa saa tisa alasiri, sasa nifanyeje, nilirudishe jua? Jua ni lilelile.

Kwa hiyo nimepima kwa makini sana. Kivuli cha jengo la vyoo kinalala vizuri upande wa mashariki, kirefu, kinaingia mpaka uwanjani. Kiti cha Mheshimiwa nimekipigia kigingi humo ndani. Sehemu ya Shingo, ambaye ndiye atakayeongoza walinzi, nimeipigia kigingi upande wa magharibi wa jengo, peupe, pasipo hata jani. Atasimama na suti yake nyeusi mpaka ayeyuke, na hataweza kusogea, kwa sababu maagizo ya Kivuli hayabadilishwi na mtu. Hilo Mheshimiwa ameliandika mwenyewe kwenye barua.

Nimesimama juu ya ndoo nikatazama mpango wote. Sina cha kurekebisha. Basi la kurudi linaondoka saa kumi. Nimempigia mke wangu simu, nimemwambia kesho saa tatu wasikose kuwasha televisheni.